X-Men wa Alaska au X-Men wa Louisiana: uanze na kikosi kipi?

Tangu Krakoa, taifa la X-Men kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, ilipoanguka mwaka 2024, swali la "nianzie wapi?" limekuwa gumu kuliko zamani, kwa sababu X-Men si kikosi kimoja tena. Cyclops yuko Alaska na watu wake, Rogue yuko Louisiana na wa kwake. Wanakutana kwa nadra, na wakikutana hawaelewani. Huku kwetu Dodoma ubishi umefuata mkondo huohuo. Kwenye mabweni ya UDOM, kwenye viti vya Nyerere Square jua likishapoa, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenzi wa katuni, watu wamegawanyika: huyu wa Alaska, yule wa Louisiana. Mgeni akiuliza asome nini anapewa majibu mawili yanayogongana, kisha wenyeji wanaendelea kubishana wao kwa wao.

Niseme mapema ili usihangaike kunitafutia upande: mimi ni mtu wa Alaska. Ila anayeanza leo nitampeleka Louisiana, na sababu nitazitoa.

Kwanza, kwa aliyewajua X-Men kwenye kibanda umiza, filamu ikiwa imetafsiriwa na jamaa anayecheka kabla hata mzaha haujafika. Kwenye katuni mambo yamebadilika sana. Magneto siyo adui; yuko upande wa Cyclops. Profesa Xavier, yule mzee wa busara, alifungwa gerezani. Na gereza lenyewe ni ile nyumba yake ya shule, namba 1407 Graymalkin Lane, iliyogeuzwa na kupewa kuta na walinzi. Wazo la msingi tu ndilo lililobaki kama Stan Lee na Jack Kirby walivyolianzisha mwaka 1963: wapo watu wanaozaliwa mutanti, wenye nguvu ambazo mara nyingi huamka wakati wa kubalehe, na dunia inawaogopa.

Kilichovunjika ni Krakoa. Huwezi kuelewa ugomvi wa sasa bila kuijua walau kwa juu. Mwaka 2019 Jonathan Hickman aliandika mifululizo miwili iliyokwenda bega kwa bega, House of X na Powers of X, matoleo 12 kwa jumla, michoro ikiwa ya Pepe Larraz na R.B. Silva. Humo mutanti wote, wema na waovu, walipata taifa lao juu ya kisiwa chenye uhai. Waliunda Baraza la Kimya, wakatunga sheria zao na lugha yao, na wakatengeneza dawa walizobadilishana na mataifa ili watambuliwe. Mataifa mengi yalikubali; Wakanda ilikataa. Kubwa kuliko yote, walipata njia ya kuwarudisha wafu. Kwa mtu wa Dodoma kuna kichekesho hapo: uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku ulipitishwa mwaka 1973, na wizara zikaanza kufungasha kwa kweli mwaka 2016, lakini Krakoa ilipata serikali nzima na mabalozi ndani ya matoleo 12. Labda ndiyo maana wazee wa kijiweni kwetu hawakuwahi kuiamini. Waliona inakwenda haraka mno.

Hickman aliondoka mwaka 2021 kabla hajamaliza alichokuwa anajenga. Wengine wakaendelea, na Juni 2024 yote yakafungwa. Mutanti waliobaki wakajikuta hawana nchi, hawana shule, na hawana njia ya kuwarudisha wafu wao. Hapo ndipo Cyclops na Rogue wanapoachana, na ndipo wewe unapotakiwa kuchagua.

Alaska

Mfululizo unaitwa X-Men, bila kivumishi. Mwandishi ni Jed MacKay, mchoraji aliyeuanzisha ni Ryan Stegman, na toleo la kwanza lilitoka Julai 2024. Cyclops, mzaliwa wa Anchorage, amerudi jimboni kwao na kuchukua kiwanda kilichokuwa kikitengeneza Sentinel, yale maroboti ya kuwinda mutanti, katika mji mdogo uitwao Merle. Yaani amehamia ndani ya kiwanda cha silaha zilizoundwa kumuua, akafanya ofisi. Kitendo hicho peke yake kinakueleza tabia ya mtu huyu kuliko kurasa ishirini za maelezo.

Kikosi chake ni cha ajabu. Magneto yupo, lakini anapoanza hawezi kutembea na nguvu zake zimemponyoka kwa ugonjwa uliowapata baadhi ya waliofufuliwa Krakoa. Juggernaut yupo, ndugu wa kambo wa Xavier, ambaye hata siyo mutanti. Wapo Magik, Psylocke na Kid Omega, kijana mwenye akili nyingi na adabu kidogo. Halafu kuna Temper, ambaye jina lake halisi ni Idie Okonkwo, Mnijeria aliyeingia kwenye katuni hizi mwaka 2010 akiwa binti mdogo anayeamini kwamba nguvu zake ni laana. Sasa ni mwanamke mzima anayetumwa kazi ngumu na kuzimaliza. Wasomaji wengi wa huku wanamfuatilia yeye zaidi ya Cyclops mwenyewe, nami siwalaumu.

Ila mhusika anayenishika mimi ni Beast. Huyu siyo Beast uliyemjua. Katika miaka ya Krakoa, Beast aligeuka mkuu wa ujasusi na akafanya mambo ya kutisha kwa jina la usalama wa taifa. Yule alikufa. Huyu wa Alaska ni nakala yenye kumbukumbu za zamani, za siku alizokuwa mchangamfu na mwema, na hana picha yoyote ya uovu uliofanywa na mikono inayofanana na yake. Anatembea katikati ya watu wanaokumbuka. MacKay hamwonei huruma kupita kiasi, na hamsulubishi. Anamwacha asome mafaili. Kurasa hizo ni bora kuliko mapigano yote ya mfululizo huu.

Cyclops naye kapewa kitu ambacho waandishi wa mashujaa hukikwepa. Mapema tu, baada ya kumtisha ofisa wa serikali kwa maneno makavu ambayo mashabiki waliyasambaza kila mahali, anabaki peke yake na pumzi inamkata, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka. Kamanda ana hofu, na anaificha kwa sababu wengine wanamtegemea.

Kasoro zipo, na ni za mgeni hasa. Maadui wakuu, kundi la 3K linalowageuza watu wazima wa kawaida kuwa mutanti, wanafichuliwa kidogokidogo mno. Inafika mahali anatokea Cassandra Nova, na msomaji wa zamani anashtuka kwa sababu anakumbuka mamilioni ya mutanti aliowaua kisiwani Genosha mwaka 2001. Mgeni anaona tu bibi mwenye kipara. MacKay anaandika kama mtu anayejua una miaka ya kumsubiri. Usipokuwa nayo, utachoka.

Louisiana

Mfululizo unaitwa Uncanny X-Men, jina lenye heshima kubwa kwenye ukoo huu. Mwandishi ni Gail Simone na mchoraji aliyeuanzisha ni David Marquez. Ulianza Agosti 2024. Hapa hakuna kiwanda wala mipango ya vita. Kuna nyumba karibu na New Orleans, joto, chakula, na watu waliochoka. Rogue hakuomba uongozi. Ni mke wa Gambit tangu 2018 na alikuwa akitafuta mahali pa kupumzika na mumewe. Wapo Wolverine, Nightcrawler na Jubilee. Ukiwapanga hao watano, karibu kila mtu aliyewahi kuona filamu au katuni ya televisheni anawatambua wengi wao kwa sura, na hiyo ni faida kubwa kwa anayeanza.

Kisha wanakuja vijana wanne wanaokimbizwa. Jitter anaweza kuwa bingwa wa ujuzi wowote, lakini kwa dakika moja tu. Ransom, kijana wa Argentina, ana shimo jeusi mahali ambapo moyo ungekuwa. Calico haachani na farasi wake. Deathdream, wa Japani, nguvu zake zinahusu wafu, na ndiye mcheshi kuliko wote bila kukusudia. Hawajui chochote kuhusu Krakoa zaidi ya uvumi. Kwa hiyo Rogue anapowaeleza jambo, anakueleza na wewe. Simone ameitatua shida ya mgeni kwa kumweka mgeni ndani ya kisa, na ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukupeleka huku.

Sababu ya pili ni kwamba kila toleo lina kitu kilichokamilika. Kuna chakula mezani, ugomvi wa jikoni, mzimu, maneno ya Nightcrawler kuhusu imani. Hata ukikosa toleo linalofuata, umesoma kitu. Michoro ya Marquez nayo ina nyuso, na nyuso ndizo zinazombeba msomaji ambaye Kiingereza hakimtoki haraka.

Hapo hapo pana mtego ambao wasifiaji wa Louisiana hawausemi. Rogue ni wa Mississippi na Gambit ni wa New Orleans, na matamshi yao huandikwa yanavyosikika: herufi zimekatwa, maneno yameunganishwa, na vipande vya Kifaransa vimechomekwa. Ukiwa umejifunza Kiingereza cha darasani Tanzania, kurasa za mwanzo zitakukwama kooni. Isome kwa sauti, itaeleweka. MacKay kwa upande wake anaandika sentensi fupi za watu wanaopeana amri; kwa lugha tu, Alaska ni rahisi zaidi.

Udhaifu wa Simone ni maadui. Sarah Gaunt, yule bibi wa kutisha anayewawinda vijana, anaanza kwa kishindo, lakini kisa chake kinafungwa kwa hisia kuliko kwa hoja. Wengine wanapenda hivyo. Mimi nilibaki na maswali.

Mlangoni pa gereza

Mwishoni mwa 2024 vikosi viwili vilikutana Graymalkin, kwenye kisa cha sehemu nne kilichogawanywa sawa: matoleo ya 8 na 9 ya X-Men, na ya 7 na 8 ya Uncanny. Kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu kabla ya kuamua uko upande gani, soma hicho.

Shida ni Xavier. Yumo ndani kwa kesi iliyotokana na siku za mwisho za Krakoa. Kwa Rogue, mzee ni mzee. Huwezi kufika mlangoni pa alipofungwa aliyekupa makazi ukageuza mguu. Kwa Cyclops, watu wake waliokamatwa watoke, lakini mzee ana kesi ya kujibu, na kumtoa kwa nguvu ni kuwapa maadui sababu ya kuwaangamiza waliobaki. Basi wanapigana wao kwa wao, na mkuu wa gereza, Dkt. Corina Ellis, hana haja ya kufanya kazi kubwa.

Sijaona kisa cha katuni kilichowagawa watu wa huku kama hiki. Sisi tumelelewa kwamba mzazi hakosei hadharani. Akikosea, mnamfungia mlango na kumsema ndani. Kwa malezi hayo Rogue ana haki yote. Lakini angalia Cyclops ni nani: yatima, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Xavier, mtoto aliyelelewa na mzee huyo kuliko mwingine yeyote pale. Anayesema "abaki ndani" ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Wanaomwita msaliti wanaruka jambo hilo. Ugumu wake hautokani na kutompenda mzee. Unatokana na kumjua. Kwangu mimi pale ndipo Alaska iliposhinda, na nimebishana hadi bando limekata.

Kwa anayechagua, kisa hiki kina kazi nyingine: kinakuonyesha waandishi wawili wakiandika watu walewale. Ukimaliza utajua ni ukurasa wa nani ulioufungua kwa hamu. Usitafute kipimo kingine.

Kilichofuata Machi 2025, Xavier alipotoroka, nakushauri ukiruke. Kilitawanywa sehemu nane, mifululizo saba pamoja na toleo maalumu la kufungia, na kila mwandishi alivuta upande wake. Tafuta muhtasari, jua kwamba mzee katoka, endelea.

Mapya yenyewe

Miezi mitatu ya mwisho ya 2025, mifululizo yote ya X-Men ilisimamishwa kupisha Age of Revelation, kisa kinachokwenda miaka kumi mbele. Doug Ramsey, yule kijana mpole ambaye nguvu yake ilikuwa kuelewa lugha zote, amekuwa mrithi wa Apocalypse, adui wa kale wa X-Men, na sasa anatawala kutoka Philadelphia kwa jina la Revelation. Akisema, unatii. Fahamu za Cyclops na Beast zinarushwa kutoka siku zetu hadi kwenye miili yao ya wakati huo, nao wanaamka katikati ya balaa wasilolijua chanzo chake.

Kwenye uchaguzi wako hili lina uzito. Mtambo wa kisa hicho ni MacKay: kinatoka kwenye toleo la 22 la X-Men, na aliyekuwa akisoma Alaska aliona mbegu zake zikipandwa. Wa Louisiana walipewa mfululizo wa muda uitwao Unbreakable X-Men, wenye huzuni yake nzuri, lakini wenye kusikia mshindo kutoka chumba cha pili. Kama unapenda kuwa kwenye mstari mkuu wa matukio, yale yatakayosababisha kelele kila mwaka, Alaska ndiko kwenyewe. Kama hujali matukio makubwa ila unataka watu unaoweza kuwakosa wasipokuwepo, baki na Rogue.

Wanaosema kupumzisha mifululizo kwa miezi mitatu ni kumkosea adabu msomaji wana hoja, hasa msomaji anayehesabu dola.

Kikosi cha tatu, cha Chicago, nitakipitia haraka. Exceptional X-Men ya Eve L. Ewing, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, na mchoraji Carmen Carnero, ilianza Septemba 2024: Kitty Pryde na Emma Frost, wanawake wawili wasiopatana, wanafundisha vijana watatu. Ni ya upole na haina haraka. Kama unamtafutia binti au mdogo wako wa sekondari kitu cha kwanza, mpe hiyo, usimpe Alaska.

Na Storm? Kila mtu wa Afrika Mashariki ananiuliza. Mama yake anatoka Kenya, yeye mwenyewe alibaki yatima Kairo, na safari yake ya utotoni inamleta kusini hadi tambarare za Serengeti. Hayumo kwenye kikosi chochote kati ya hivi viwili. Mwaka 2024 alijiunga na Avengers, na Oktoba mwaka huo alipata mfululizo wake ulioandikwa na Mnijeria Murewa Ayodele na kuchorwa na Lucas Werneck, wenye miungu ya Kiafrika na michoro ya kukuacha mdomo wazi. Uusome kwa ajili yake mwenyewe. Hautakusaidia kuamua kati ya Cyclops na Rogue.

Hela

Toleo moja la mfululizo wowote kati ya hivi viwili linauzwa dola 4.99, yaani zaidi ya shilingi 12,000 kwa kusoma kwa robo saa. Vitabu vya karatasi sijawahi kuviona kwenye maduka ya vitabu ya hapa mjini, ambako rafu zimejaa vitabu vya shule na vya dini. Ukiagiza nje, usafiri unaweza kuzidi bei ya kitabu. Njia ya maana ni Marvel Unlimited, programu ya simu ya kama dola 10 kwa mwezi, ambayo ina vyote nilivyovitaja. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Toleo jipya huingia humo miezi mitatu baada ya kutoka, kwa hiyo jiandae kusimuliwa mwisho na mtu aliyelinunua Jumatano ileile lilipotoka.

Inaruhusu kupakua, na hilo ndilo la muhimu kwa anayesafiri. Ukipanda SGR kutoka Dar, pakua ukiwa bado stesheni, kwa sababu huko milimani baada ya Kilosa mtandao unakuja na kuondoka. Pakua matoleo 6 ya kwanza ya Uncanny. Hayo utayamaliza karibu na Morogoro. Kisha 6 ya kwanza ya X-Men kwa kipande kilichobaki. Yale manne ya gerezani yaache hadi ufike, uyasome usiku ukiwa umetulia, halafu njoo Nyerere Square kesho yake jioni. Wa Alaska tunakaa upande wenye kivuli.